Haujazidi

Mkono wa kushoto wa Sichana ulikuwa na urefu wa mistari arobaini. Ulikuwa na mistari arobaini Jumatatu hii, ulikuwa nayo Jumatatu iliyopita, na mwenye subira ya kulipekua daftari kurudi nyuma, mpaka kwenye kurasa ambazo wino wake umegeuka rangi ya chai, angekuta arobaini, arobaini, arobaini, na mbele ya kila arobaini neno moja lililoandikwa kwa herufi nzuri zilizosimama wima: Haujazidi. Miaka kumi na moja ya neno hilo. Na mkono wenyewe, wakati wino unakauka, ulikuwa umelazwa kwenye kitanda chake peke yake, kitanda cha mtu mzima, na ulikuwa umekijaza.

Aliyeliandika neno hilo alikuwa mumewe. Shamte alikuwa mpimaji wa mji, mtu mrefu, mkavu, mwenye kola iliyopigwa pasi hata siku za mapumziko, na alikuwa na fahari moja tu duniani: hakuwahi kuandika asichokisoma kwenye Fimbo. Wengine huringia watoto, wengine mbuzi. Yeye aliringia hilo. Tusimcheke mapema, wako walioringia vitu vibovu zaidi, na walizikwa kwa heshima zote.

Mji haukuwa na jina, au ulikuwa nalo likafunikwa, maana kila kitu cha kale katika mji huo kilikuwa chini ya sakafu. Na sakafu lazima ielezwe, kwa sababu bila sakafu hakuna Fimbo, na bila Fimbo Sichana angekuwa leo amekaa mlangoni kwake na mkono mmoja, mzima wa afya, akigombana na majirani. Watu wa mwanzo walikuta ardhi imejaa nyufa. Kila walichojenga kilipasuka kufuata ufa ulio chini yake. Ndipo wakatandaza ngozi nyembamba ya madini ya risasi, wakaitoboa vidirisha vidogo vidogo, mbali kwa mbali, wakamwagia maji yenye chumvi za jiwe. Jiwe likaota. Lilichungulia kwenye vidirisha, likapanda kidogo, kisha likafanya jambo ambalo hakuna aliyeliagiza: liligeuka ubavu likatambaa juu ya ngozi ile, kila kipande kikimtafuta mwenziwe, mpaka vikakutana na kushikana. Nyufa zikabaki chini, zimezibwa mdomo. Juu ikabaki sakafu nyeupe, inayong'aa, isiyo na doa, na watu wakaikanyaga bila viatu, wakalia kwa furaha. Katika kulia huko hakuna aliyekumbuka kuuliza jiwe litaacha kukua lini.

Shamte alikuwa na swali lake, alilolibeba tangu ujana na ambalo halikuwa na safu kwenye daftari. Nani huuambia mkono kwamba basi, inatosha? Mtoto anakua. Vidole vinarefuka mwaka hadi mwaka, kisha siku moja, bila kengele wala barua, vinasimama. Nani amesema? Alilitazama jiwe apate jibu. Chembe ya jiwe inafika, inatazama iliyo chini yake imelala vipi, nayo inalala vivyo hivyo. Inayofuata inalala vivyo hivyo. Hakuna chembe iliyowahi kuuliza kwa nini, na ndiyo maana jiwe lina uzuri ule unaoumiza macho: ni utiifu mtupu, umepangana. Lakini utiifu mtupu hauna pa kuishia, kwa sababu ili kitu kiishe sharti mmoja akatae. Basi nyama iliyo hai, alifikiri Shamte, ni nyama yenye chembe zinazokataa, zinazofika ukingoni zikasema hapa ndiyo mimi, kuanzia hapo si mimi tena. Kuwepo ni kuwa na ukingo. Kisicho na ukingo si kitu, ni mahali tu. Aliyafikiri hayo ofisini kila siku akinywa chai ya saa nne, na alipomaliza chai aliosha kikombe akarudi kupima.

Fimbo yenyewe ilichongwa kutoka kwenye sakafu. Sheria ilisema kipimo kitokane na kilicho safi kuliko vyote, na mjini hapo hapakuwa na kilicho safi kuliko lile jiwe. Ilipochongwa ilikuwa na urefu wa shibiri mbili, ikagawanywa mistari mia. Shamte alipoanza kazi aliibana kwapani kama mwavuli, akapiga hodi nyumba hadi nyumba. Baada ya miaka michache akawa anaibeba kwa mikono miwili. Kisha begani. Siku hizi ilibebwa na watu wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, na kwenye kona walipigiana kelele, "Zunguka! Zunguka nayo taratibu!" Mji ulikuwa na maelezo ya jambo hilo, na yalikuwa maelezo ya kuhuzunisha: wapimaji wamepungua. Si wapimaji tu. Kila aliyesimamishwa kando ya Fimbo siku ya Jumatatu alikutwa amepungua kuliko Jumatatu iliyotangulia, wazima kwa wagonjwa, na mbele ya kila jina liliandikwa Amepungua. Watu walilia kidogo, wakapewa uji wa kukuza, wakanywa, wakarudi wiki iliyofuata wamepungua zaidi. Katika mji mzima ni mkono wa Sichana tu uliobaki vile vile.

Sichana alikuwa msuka mikeka. Alianza kusema mwaka wa kwanza, siku ambayo kidole chake cha shahada kilikataa kupita kwenye pindo la ukili.

"Bwana," alisema, "mkono huu unakua."

Shamte aliuweka mkono juu ya Fimbo, kutoka ncha ya kidole cha kati mpaka kwenye alama nyeupe ambayo bangili ya harusi iliiacha kwenye kifundo. Alisoma mara mbili, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusoma mara mbili.

"Arobaini," alisema. "Kama wiki iliyopita."

"Mimi nakwambia unakua. Nausikia unavyovuta."

"Mke wangu, nimeupima."

"Umeupima, sawa. Na mimi ninao."

Mazungumzo hayo yalirudiwa kila Jumatatu mpaka yakapungua maneno. Mwaka wa tatu Sichana alikuwa akisema tu, "Unakua," naye akijibu, "Arobaini." Mwaka wa sita alikuwa akimtazama, naye akitazama Fimbo. Shamte aliona kwa macho yake kwamba mkono umeshindwa kupita kwenye mkono wa kanzu, kwamba umehitaji mto, kisha kigoda, kisha kitanda. Aliona, na alipoona alijiambia kwamba macho yake nayo yamepungua, kama kila kitu chake kilivyopungua, na mtu anayepungua huona vitu vikubwa. Ndivyo akili ya mwanadamu ilivyo, ikishapewa fimbo ya kuegemea haioni haya kuegemea. Na mpasuaji, Bi Hidaya, mwanamke mnene mpole aliyekaa mtaa wa pili na kisu chake ndani ya kikapu, alikuwa amesema tangu mwaka wa kwanza: "Nikipewa karatasi iliyoandikwa Umezidi, naja siku hiyo hiyo. Ni kukata kwenye kifundo tu. Anabaki na mkono mmoja na maisha yake yote. Lakini sikati kisichozidi, Bwana Shamte. Sheria hainiruhusu."

Karatasi hiyo ilikuwa iandikwe na Shamte, na hakuiandika, kwa sababu neno hilo hakulisoma kwenye Fimbo.

*

Jumatatu moja asubuhi Sichana aliomba aletewe bangili.

"Ipo wapi?" aliuliza. "Nataka kuiona tu. Nimesahau nilikuwaje."

Shamte alifungua sanduku la bati. Ilikuwa bangili ya fedha, nyembamba, isiyo na mapambo. Wapimaji wa mji huo walikuwa na desturi yao ya harusi: bwana harusi humpima bibi harusi mzunguko wa kifundo cha mkono kwa Fimbo, mbele ya watu, na idadi ya mistari huchorwa ndani ya bangili, upande unaogusa ngozi. Wanawake wengine waliposwa kwa mashairi, wake wa wapimaji kwa tarakimu. Ndani ya bangili ya Sichana palichorwa thelathini na sita.

Alimwekea kwenye kiganja cha kulia, ambacho kilikuwa bado kiganja chake. Sichana aliigeuza geuza, akacheka.

"Niliwahi kuwa mdogo hivi?"

"Uliwahi."

"Ipime."

"Ya nini? Imeandikwa."

"Ipime, Shamte. Mimi umenipima miaka yote hii. Hiyo nayo ipime mara moja."

Wabebaji walikuwa wameshaiegemeza Fimbo ukutani, wametoka kuvuta hewa. Shamte alizungusha uzi ndani ya bangili, akaunyoosha juu ya Fimbo. Akasoma. Akasoma tena. Akaufungua uzi, akauzungusha upya, akasoma kwa mara ya tatu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika kazi yake yote.

Sita.

Sita. Thelathini na sita. Sita. Fedha haipungui. Fedha hainywi uji, haizeeki, haiugui, imekaa sandukuni miaka kumi na moja imefungwa ndani ya kitambaa. Fedha haipungui. Basi kama fedha haikupungua. Basi. Mikono miwili kuibeba, kisha bega, kisha watu wawili. Zunguka nayo taratibu. Jiwe la sakafu. Limekatwa kwenye jiwe la sakafu, na jiwe la sakafu halijawahi kuambiwa basi. Mara sita. Mtoto wa Bi Tunu, niliyemwandika Amepungua, hakupungua. Mzee wa kinu hakupungua. Mimi sikupungua. Arobaini mara sita. Nimeandika. Kwa mkono wangu, kwa herufi nzuri. Alisema unakua nikamwambia arobaini. Alisema unavuta.

"Ngapi?" aliuliza Sichana.

Shamte alikaa sakafuni. Sakafu ilikuwa baridi na safi, na alihisi, au alidhani amehisi, ikimsukuma kwa chini polepole sana.

"Fimbo inakua," alisema. "Imekua pamoja na mkono wako. Vimekua sawasawa, ndiyo maana… Sichana, ulisema kweli. Ulisema kweli tangu siku ya kwanza."

Alitegemea alie, au amtukane. Alistahili tusi na alilingoja kwa hamu. Sichana aliitazama bangili mkononi mwa mumewe.

"Basi nenda ukaseme huko," alisema. "Hapa mimi najua."

*

Msimamizi wa madaftari yote alikuwa Karani Mkuu Msabaha, mzee aliyeota ufizi mpaka ukayafunika meno yake yote, juu na chini, hivi kwamba maneno yake yalitoka laini, yamelowana, na hakuna hata moja lililoweza kuuma. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Shamte aliiweka bangili mezani. Alieleza kuhusu uzi, kuhusu thelathini na sita na sita, kuhusu kwapa na bega na wabebaji wawili. Alizungumza vizuri. Hakuwahi kuzungumza vizuri hivyo, na katikati ya maneno yake alipata tumaini, akaliona tumaini lile ni kubwa, akasahau kwamba macho yake yamezoea vibaya ukubwa wa vitu.

"Umemaliza?" Msabaha aliuliza.

"Nimemaliza."

"Ulijipima lini mwisho?"

"Leo asubuhi. Kabla ya kupima wengine, kama taratibu zinavyotaka."

"Ulisoma ngapi?"

"Sitini na tatu."

Karani alifungua daftari la sheria, akasoma kwa kidole. "Aliye chini ya mistari mia na kumi hajazaliwa," alisema kwa upole wa kweli, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. "Umejiandika mwenyewe, Bwana Shamte, kwa mwandiko wako. Tangu mwaka juzi wewe hujazaliwa. Nami siwezi kupokea ushahidi wa mtu ambaye hajazaliwa. Hata ningetaka. Angekuja mama yako, labda."

"Mama yangu amekufa."

"Basi ndiyo hivyo. Pole."

"Na wewe Karani? Ukisimama kwenye Fimbo utasoma ngapi?"

"Mimi ni cheo. Cheo hakipimwi."

Shamte aliangalia mikono yake iliyo juu ya meza, mikono ya mtu wa miaka hamsini na mbili, yenye mishipa, yenye doa la wino lisilotoka, na kwa kitambo kirefu hakuwa na hakika nayo. Aliwahi kuamini kwamba daftari huandikwa kufuata watu. Sasa, katika ofisi ile iliyonukia karatasi, alihisi ujana ukimrudia kwa namna mbaya: lugha ikimpotea, woga wa mtoto aliyeachwa sokoni, na nyuma ya woga huo kitu kingine cha kale zaidi, giza la vuguvugu lisilo na sauti. Angeweza kulala hapo. Angeweza kukubali kwamba hajaja bado, kwamba hakumuoa mtu, kwamba hakuna mtu aliyemwambia unakua akamjibu arobaini. Ni aibu ndiyo iliyomrudisha. Aibu ilimshika akakumbuka kwamba yupo.

"Nataka karatasi ya kukata," alisema. "Basi. Sitaki mengine. Fimbo ikue, sakafu ikue, mimi nisizaliwe. Mke wangu apewe karatasi."

Msabaha alivuta daftari la Sichana. Alilisoma ukurasa baada ya ukurasa, na uso wake ukaanza kung'aa. "Lakini hili ni jambo la ajabu," alisema. "Mwili wake umepungua. Mia tatu na hamsini, mia tatu, mia mbili, leo hamsini na nane. Masikini. Lakini mkono! Arobaini tangu mwanzo mpaka leo. Unajua, Bwana Shamte, katika mji huu mzima kitu ambacho hakijapungua ni hiki kimoja? Tumewanywesha watu uji miaka yote, na kumbe uzima uko nyumbani kwako, juu ya kitanda." Alichukua kalamu. "Nitakupa karatasi. Mpasuaji aende leo. Aiondoe sehemu iliyopungua, isije ikaiambukiza sehemu iliyo nzima. Jina na haki zote za Sichana zibaki kwenye mkono."

Shamte aliisoma karatasi. Aliisoma mara mbili. Halafu akaanza kucheka, kimya kimya, mabega yakimtikisika, kwa sababu aliona kile ambacho Karani hakukiona: kisu ni kile kile. Ukikata kwenye kifundo ili uondoe mkono, au ukikata kwenye kifundo ili uondoe mtu, ni kifundo hicho hicho, ni mfupa huo huo, ni damu ile ile ya kuzuia. Wauchukue mkono. Wauite Sichana, wautandikie mashuka, waupelekee salamu za mwaka mpya. Yeye ataichukua ile sehemu iliyopungua, isiyo na jina wala haki, ataivika kanga, ataiweka mlangoni penye jua, ataikatia tunda. Watakuwa watu wawili wasiokuwepo, na nani atawasumbua? Alimshukuru Karani mara tatu. Alitoka mbio, mtu mzima, kola imempinda, na bangili mfukoni.

*

Bi Hidaya alifika kabla ya adhuhuri. Alikuja na kikapu: kisu, nyuzi, spiriti, pamba, na kitenge kikuukuu cha kufunika macho ya mgonjwa. Aliisoma karatasi mlangoni, akaguna, akaikunja.

"Sisemi kitu," alisema. "Mimi nimeambiwa nikate, nakata. Mwaka wa kumi na moja huu nangoja kukata." Alinawa, akavuta kigoda. "Haya, Bwana Shamte. Nionyeshe mkono unaishia wapi."

"Si hapo kwenye alama ya bangili?"

"Hiyo ni alama ya bangili. Mimi nauliza unaishia wapi."

Shamte aliinama. Alama nyeupe ilikuwepo, imetanuka kama mkanda wa suruali. Miaka yote alipima kutoka kidoleni mpaka kwenye alama hiyo, kwa kuwa fomu iliuliza urefu wa mkono na ndivyo mkono ulivyopimwa. Kilichokuwa juu ya alama hakikuwa na safu. Sasa aliangalia juu ya alama, kwa mara ya kwanza bila Fimbo, akaona ngozi ikiendelea juu ya kiwiko, laini, imevutika, inang'aa kidogo, bila mstari, bila kovu, bila hata kubadilika rangi. Alitafuta mahali ambapo nyama moja inakutana na nyingine. Alikumbuka jiwe lilivyogeuka ubavu likatambaa juu ya nyufa, na jinsi watu walivyoshindwa kuonyesha baadaye ni wapi kipande kimoja kiliishia kingine kikaanza.

"Haonekani yeye anaanzia wapi," alisema.

"Basi tumtafute kwa kumgusa. Nyama iliyoota haina hisia, ile yake inayo. Mguse, aseme. Fanya wewe, mkono wako anaujua."

Shamte aliweka kiganja juu ya kifundo.

"Hapa?"

"Sisikii," alisema Sichana.

Kwenye kiwiko.

"Sisikii."

Kwenye bega, pale alipokuwa akiegemea kichwa zamani, walipokuwa vijana na mikeka imejaa chumba.

"Umeshaweka?" aliuliza Sichana. "Mbona unachelewa?"

"Nimeshaweka."

Bi Hidaya aliacha kuchovya pamba. Shamte alipeleka kiganja kwenye mtulinga, kwenye shingo, kwenye ule mkono wa kulia ambao asubuhi ulishika bangili, akaubana kwa nguvu mpaka kucha zake zikaacha alama. Sichana alikuwa akitazama dari, anangoja kuguswa. Kifuani. Shavuni. Shavu lilikuwa shavu la Sichana, lenye kidoti chake chini ya jicho, na lilikuwa baridi na laini mno. Aligusa midomo ilipokuwa ikisema, na midomo ikaendelea kusema chini ya vidole vyake bila kusita.

"Anza basi, bwana. Mimi siogopi."

"Anayesema hapa ni nani?" mpasuaji alinong'ona, na haikujulikana anamuuliza nani. "Ni yeye, au ndio mkono wenyewe?"

Shamte aliendelea kupapasa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa kuwa mkono wake ulikuwa kazini. Aliupandisha juu ya nyusi, kwenye paji la uso, karibu na mahali ambapo nywele zinaanza, akaugandamiza.

Sichana alishtuka. Macho yake yalishuka kutoka darini yakamtazama.

"Hapo," alisema. "Hapo nakusikia. Mkono wako una baridi, Shamte. Umekimbia?"

"Nimekimbia."

"Hapo ndipo nilipo. Ngapi?"

Alilaza vidole vyake bapa, kimoja kimoja, kutoka ukingo hadi ukingo, kama watu walivyopima kabla ya kuwepo Fimbo yoyote. Kilichokuwa kimebaki kingeweza kufunikwa na ganda la yai.

"Vidole vitatu."

Bi Hidaya alikifunga kisu ndani ya kitambaa, akakirudisha chini kabisa ya kikapu, chini ya pamba. Aliiweka karatasi ya Karani juu ya kigoda. Alisema kwamba kwa miaka ile ya kwanza ingekuwa kazi ya dakika chache, akasema samahani kwa kulisema hilo, kisha akatoka, na wakamsikia akijikwaa kizingitini.

"Vidole vitatu," Sichana alirudia. "Si haba. Na mkono? Hujausoma mkono bila Fimbo."

Shamte hakuhitaji daftari. Alipima kwa shibiri zake, kutoka kidoleni mpaka kwenye alama, akahesabu kwa sauti ili asikie, na aliporudi kichwani alipiga magoti.

"Sema," alisema Sichana. "Sema lile neno, siyo hesabu."

"Umezidi."

"Tena."

"Umezidi, mke wangu. Ulizidi tangu mwaka wa kwanza."

Sichana alifumba macho. Uso wote ulibaki vile vile, umetulia, hauna mkunjo, lakini pale juu, chini ya kiganja cha mumewe, ngozi ilijikunja kidogo kama ya mtu anayetaka kulia. "Ahsante," alisema. Miaka kumi na moja alikuwa ameomba kuambiwa hilo tu.

Shamte alikaa hapo na kiganja chake juu ya paji lile mchana kutwa. Nje wabebaji waliita, wakaita tena, wakaingia kuichukua Fimbo yao, wakaondoka, wakipigiana kelele kwenye kona. Sichana alikuwa akisimulia habari za ukindu wa mikeka, namna unavyolowekwa, namna unavyochaguliwa, naye alikuwa akiitikia. Alasiri mkono wa Shamte ulikufa ganzi. Aliuinua, akaukunja na kuukunjua mara mbili tatu mpaka damu ikarudi, kisha akaurudisha palepale, akatafuta, akasogeza juu kidogo, akatafuta tena.

"Hapo," alisema Sichana.

Akalaza vidole. Viwili.